Nakala ya Mwezi wa Rajabu

Kompyuta ilikufa Jumanne, saa nane mchana,
umeme ulipokatika ukarudi kwa hasira
Barabara ya Kumi na Tatu nzima:
friji la Mwanakheri, redio ya kinyozi,
na ukoo wetu, watu mia nne na kumi na mmoja.

Fundi wa Makorora aliitikisa, akaitega sikio
kama anayechagua nazi sokoni.
"Diski imekwenda," akasema. "Una nakala?"

Ninayo. Flashi nyekundu
ndani ya kopo la maziwa ya unga,
pamoja na vifungo na risiti ya bafta.
Nimeibandika karatasi: RAJABU.
Sasa ni Mfungo Tatu.

Miaka sita nimewakusanya watu hawa.
Nilikwenda Kigombe kwa ajili ya jina moja
nikarudi na mawili, na mkungu wa ndizi.
Nilisoma kipande cha babu aliyekata mkonge:
namba inasomeka, jina limeliwa na mchwa.
Programu haikutuelewa.
Iliuliza tarehe; Bi Mwanatumu akajibu, mwaka wa nzige,
mahindi yalikuwa yamefika magotini.
Ikakataa magoti. Ikakataa nzige.
Tukawapa wazee wote tarehe mosi Januari,
ukoo mzima ukazaliwa usiku mmoja,
na mama akacheka, mkono ubavuni:
"Mkunga gani huyo asiyelala?"

Wala haikuwa na kisanduku cha ndugu wa ziwa.
Mzee Sefu, aliyenyonya kwa bibi yetu
mamaye alipougua,
nilimpachika kwenye maelezo, chini kabisa,
mgeni aliyekosa kiti.

Nachomeka flashi kwenye kompyuta ya kuazima.
Mstari wa kijani unatambaa, unasita, unatambaa.
Wamerudi.
Nahesabu: mia tatu tisini na wanane.
Kumi na watatu hawamo, niliwaongeza baadaye,
wajukuu wa Pongwe na mama zao. Nitawauliza tena,
hawajahama.

Lakini waliokufa tangu Rajabu wamo.
Kasimu wa Chumbageni yu hai,
anadaiwa bado, pengine, na muuza mkaa.
Zuhura na Athumani hawajaachana,
mstari unawaunganisha kama vile hakuna lililosemwa.
Kichanga cha Rukia hakijazaliwa.
Na mama.
Mwanasha binti Mbaruku, tarehe mosi Januari,
kisha kistari,
kisha hakuna.

Mara ya kwanza niliijaza nafasi hii siku ya hitima,
haraka, sufuria zikigongana uani,
mtu akiniuliza chumvi iko wapi.
Sikusikia nilichoandika.
Leo nyumba kimya. Kila kitufe nakisikia.

Shebe anapiga simu kutoka Muheza:
"Umerejesha? Jaza, kisha toa nakala tatu.
Moja kwako, moja kwangu, moja mbali na maji na moto.
Andika tarehe. Na usiandike juu ya ile ya zamani."
Shebe ni karani wa stoo,
hata magunia huyasemea hivyo.

Nikaanza na Kasimu.
Nikaukata mstari wa Zuhura.
Kichanga nikakiandika, kadi ya kliniki mkononi,
na siku na saa, tena na uzito, ingawa haukuulizwa.
Kwa mama niliandika tarakimu mbili
nikanyanyuka kwenda kuzima jiko
ambalo sikuwa nimeliwasha.
Nikarudi. Nikamaliza.
Programu ikauliza, kwa adabu yake ile ile:
Hifadhi mabadiliko?

Nakala tatu nimetoa.
Ya Shebe itaondoka na basi la asubuhi,
ndani ya bahasha, juu ya nusu kilo ya dagaa.
Flashi nyekundu nimeirudisha koponi
kati ya vifungo.
Sikuandika juu yake.
Humo bado ni Rajabu,
na mama ana kistari,
na mbele ya kistari hakuna kitu.